Pingu Mlangoni

Nilipokuwa na miaka tisa, kazi yangu siku za likizo ilikuwa kumpelekea baba chakula. Tulikaa kambi ya polisi Nsambya. Mama alitia posho na maharage katika sufuria ndogo, akaifunika kwa sahani ya bati, akaifunga kwa kitambaa, nami nikateremka nayo kilima, nikavuka reli, nikapanda hadi Kampala Road na kukata uwanja ambao siku hizo kila mtu aliuita City Square na leo unaitwa Uwanja wa Katiba. Juu ya miti walikuwapo kaloli, wale ndege wakubwa wenye vipara na mfuko shingoni, wametulia kama mawakili wanaongoja kesi iitwe. Upande wa juu wa uwanja ndiko lilikosimama jengo la Mahakama Kuu.

Nyumbani tulisema Kiswahili. Baba alikuwa Mteso, mama Muganda, na jirani wa kulia Mlugbara, wa kushoto Mwacholi; watoto wa kambi tungechezaje bila Kiswahili? Kwa hiyo siku ya kwanza niliyomkuta baba chini ya ngazi, nilimwita kwa sauti ya kambini: "Baba, chakula hiki hapa!" Alinijia haraka, akainama, akaniambia polepole kwa Luganda, lugha ambayo kwake ilikuwa ya kuazima: "Hapa tunasema Kiingereza au tunanyamaza."

Huo ulikuwa mwaka 1971. Sikumwelewa. Nilidhani ni adabu tu, kama kuvua viatu msikitini.

Waingereza walijenga mahakama kama walivyojenga makanisa, ili anayeingia apunguze sauti kabla ya kuambiwa. Dari liko juu mno, kuta nene, na ukumbi unakifanya hata kikohozi kisikike kama ushahidi. Jengo lilikuja baadaye, lakini mahakama yenyewe ilianzishwa kwa Amri ya Mfalme ya mwaka 1902, iliyotoka London, wakati ambapo makao ya serikali ya Himaya yalikuwa Entebbe na Kampala ilikuwa mji wa wafanyabiashara uliobanwa kati ya vilima vya Kabaka, mfalme wa Buganda, na vya wamisionari. Sheria ilitoka Uingereza, majaji walitoka Uingereza, na rufaa ya mwisho ilirudi huko huko Uingereza. Wenyeji walileta mashauri na mkalimani.

Kuhusu Kiswahili, mkasa wake Uganda ni mrefu. Miaka ya 1920 Gavana William Gowers alitaka kipewe nafasi kubwa shuleni na katika utawala. Kabaka Daudi Chwa aliandika waraka mwaka 1929 kukipinga, na wamisionari wengi walikuwa upande wake. Gowers akashindwa. Lakini Kiswahili hakikuondoka. Kiliingia jeshini na polisi, kwa watu waliokusanywa kutoka kila kona ya nchi. Ndiyo maana Mganda wa makamo, ukimsemesha Kiswahili ghafla, atapapasa mfukoni kutafuta kitambulisho. Kwake ni lugha ya vizuizi vya barabarani. Kwangu mimi ni lugha aliyotumia mama kutubembeleza tulale, na nimeishi maisha yangu yote nikijaribu kuwashawishi watu kwamba mambo haya mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja.

Baba alikuwa na tabia moja kazini niliyoiona mara nyingi nikimngoja amalize kula. Mshtakiwa alipofikishwa mlango wa ukumbi, baba alisimama, akatoa ufunguo, akazifungua pingu, akamwacha mtu ajisugue vifundo vya mikono kidogo, ndipo akamwingiza. Kufungua pingu ni utaratibu, kila askari aliufuata. Ila wenzake walizifungua ndani, kizimbani, jaji akishakaa. Yeye alifungua nje, mlangoni, na akasubiri. Siku moja nilimuuliza kwa nini asubiri. Akasema, kwa Kiswahili safari hii kwa kuwa tulikuwa njiani kurudi: "Mtu akisema mbele ya jaji, mikono yake iwe yake."

Septemba 1972 sikupeleka chakula tena.

Sote tunaijua habari ya mwezi ule, ingawa kambini haikusimuliwa. Waasia walikuwa wanaondoka kwa amri ya Rais Idi Amin. Tarehe 17 wapiganaji wa rais aliyepinduliwa, Milton Obote, walivuka mpaka kutoka Tanzania, wakapigwa. Na Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka, aliyekuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa nchi hii kabla ya uhuru na Mganda wa kwanza kukalia kiti kile cha ujaji, alikuwa ametoka kuamuru aachiliwe Mwingereza aitwaye Daniel Stewart, aliyeshikiliwa na wanajeshi Makindye. Amri ya namna hii ni ya zamani sana katika sheria ya Kiingereza: mlete mtu huyu mbele yangu, unionyeshe kwa haki gani umemfunga. Kiwanuka aliona kwamba jeshi halina haki hiyo. Tarehe 21 Septemba wanaume walimfuata ofisini kwake, ndani ya jengo lile lile, mchana kweupe, wakamtoa. Hakuonekana tena, na familia haikupewa mwili wa kuzika.

Baba alikuwa zamu siku ile? Alikuwa zamu wiki ile. Hayo ndiyo mama alituambia baadaye sana. Yeye mwenyewe hakusema neno hadi alipofariki mwaka 1998. Alichofanya ni kuomba kuhamishwa, akapelekwa kituo cha mbali ambako kazi ilikuwa kuhesabu ng'ombe walioibwa na kurudishwa. Alizeeka akihesabu ng'ombe.

Nilipokwisha kuwa mtu mzima na kuanza kusoma sheria za watu, nikakuta jambo ambalo lilinikaa rohoni kuliko hata kisa cha Kiwanuka. Mwaka 1966 Obote alipindua katiba ya uhuru na kuwawekea wabunge katiba mpya katika visanduku vyao vya barua, waichukue wakitoka. Chifu mmoja wa Buganda, Michael Matovu, aliyekuwa amewekwa kizuizini, akafikishwa mbele ya Mahakama Kuu, na swali likawa: serikali hii iliyojipa katiba ni halali? Jaji Mkuu wakati huo alikuwa Mnaijeria, Sir Udo Udoma. Yeye na wenzake walifungua vitabu vya mwanafalsafa wa Austria, Hans Kelsen, wakaona kwamba mapinduzi yaliyofaulu yanazaa sheria yake mwenyewe. Kwa hiyo ndiyo, ni halali. Hukumu ile hufundishwa mpaka leo katika vyuo vya sheria vya nusu ya Afrika. Mimi si mwanasheria na sitabishana na Kelsen. Ila nikipita pale ukumbini nilikuwa nikijiambia: kwanza mabavu yaliingia hapa kwa kalamu, yakapewa kiti, miaka sita baadaye yakaja kwa miguu, wala hayakuomba kiti.

Na bado ni ukumbi ule ule, si haki kuusema vibaya tu. Gavana Andrew Cohen alipomhamishia Kabaka Mutesa wa Pili Uingereza tarehe 30 Novemba 1953, Waganda walikwenda Mahakama Kuu, na Novemba 1954 jaji wa kikoloni akaiambia serikali ya Kiingereza kwamba ilitegemea kifungu kisichostahili cha Mkataba wa Buganda wa 1900. Mwaka uliofuata, Oktoba, Kabaka akarudi. Mkoloni alijenga nyumba ya kuwahukumu watu, watu wakaitumia kumshitaki mkoloni.

Nilipata bahati ya kukaa Dar es Salaam miaka ya 1980 kwa shangazi, Temeke, na huko ndiko nilikosuguliwa Kiswahili changu cha kambi. Mara ya kwanza niliposema sokoni "mimi hapana taka", muuza nazi alicheka hadi akaketi. Shangazi alinipa miezi sita ya kimya na redio. Niliporudi kumtembelea miaka mingi baadaye, jioni tulipanda basi hadi Kivukoni kupunga upepo, akanionyesha jengo lililokuwa Klabu ya Dar es Salaam, Wazungu wakinywa bia wakiitazama bandari. Baada ya uhuru likawa hoteli, Forodhani, halafu likawa Mahakama ya Rufani. "Baa imekuwa mahakama," shangazi alisema, "hata ulevi una mwisho." Nikamuuliza humo wanahukumu kwa lugha gani. Akanitazama. Kiingereza, bila shaka. Nchi nzima ya Nyerere inaongea Kiswahili, bunge linaongea Kiswahili, lakini ulipopanda ngazi za mahakama za juu ulikutana na Kiingereza kikikungoja. Ilibidi kufika mwaka 2021 ndipo sheria ya Tanzania ikakifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Jengo hubadili mwenyewe kwa siku moja. Lugha iliyomo ndani yake haiondoki upesi hivyo.

Kwetu Uganda haijaondoka mpaka sasa. Lugha ya mahakama zetu ni Kiingereza. Katiba ya 1995, ibara ya 28, inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha inayotumika haki ya kupata mkalimani bila kulipa. Mkalimani huyo, kwa miaka zaidi ya thelathini, katika mahakama mbalimbali za jiji hili, nilikuwa mimi. Kiteso, Luganda, Kiswahili, Kiingereza. Nilisimama kando ya kizimba, mwanamke mfupi mwenye sweta, na maisha ya mtu yakapita mdomoni mwangu yakienda kwa jaji na yakirudi.

Sasa niseme la aibu.

Ilikuwa mahakama moja ya jijini, siitaji, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati simu za mkononi zimeshaanza kuenea lakini bado ni kitu cha kujivunia. Kijana aliyekuwa askari, mtu wa kaskazini magharibi, alishitakiwa kwa kumuua shemeji yake. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini, kile kile nilichozaliwa nacho na kukivua Temeke. Wakili wake akamuuliza alifanya nini jioni ile kabla ya kwenda nyumbani kwa marehemu. Kijana akajibu:

"Mimi nilipiga yeye mara tatu. Hapana shika."

Nikafasiri kwa Kiingereza kwamba alimpiga marehemu mara tatu, naye marehemu hakujaribu kumzuia.

Ukumbi ukanyamaza. Wakili wa serikali aliinua uso kama mtu aliyeokota noti barabarani. Wazee wawili wa baraza wakatazamana. Majaji wakati ule waliandika kila neno kwa mkono, ndiyo maana ushahidi ulikwenda taratibu, sentensi kwa sentensi, na mimi nikasikia kalamu ikikwaruza karatasi: alimpiga mara tatu. Kijana hakujua Kiingereza cha kutosha, lakini alijua nyuso. Aliona kuna kitu kimeharibika. Akainua mkono wa kulia, akakunja vidole vitatu vya katikati, kidole gumba kikabaki sikioni na kile kidogo mdomoni.

"Nilipiga yeye," akarudia, akiutikisa ule mkono. "Hapana shika."

Jaji alimwona kabla yangu. Kalamu ikasimama. Akaniuliza, kwa upole ulioniumiza kuliko makaripio: "Mkalimani, mwulize alipiga nini."

"Ulipiga nini?"

"Simu, mama. Nilipiga simu."

Nilimpigia. Hakupokea. Ndilo alilokuwa akisema. Kiswahili cha Temeke kina kile kiambishi kidogo, -ia, cha kutenganisha ngumi na simu: nilimpiga, nilimpigia. Luganda nayo inacho: nnamukuba, nnamukubira. Kiswahili cha kambini hakina. Kimekatwa mikia yote ili mtu yeyote akibebe. Na mimi, binti wa kambi, niliyejivunia kuwa nimesuguliwa, nilikisikiliza kwa sikio la Temeke. Jaji akachora mstari juu ya ile sentensi, akaandika upya. Kijana aliachiwa mwishowe, kwa sababu nyingine kabisa zisizohusu simu. Lakini ule mstari wa wino naujua umelala wapi kwenye ukurasa.

Usiku ule nilikaa na daftari. Niliandika maneno yote yanayoweza kumtia mtu kitanzini. Piga. Shika. Kula, maana anayesema "alikula pesa zangu" hasemi habari za chakula, na anayesema "wamemla" anaweza kuwa anasema mambo matatu tofauti. Ndugu, ambaye Kiingereza kinataka ujue ni wa tumbo moja au wa ukoo, na shahidi hajawahi kufikiri kuna tofauti. Baba mdogo. Halafu saa. Saa ndiyo iliyonitoa jasho. Mwanamke anasema mumewe alirudi saa mbili. Mswahili na Mganda wote wanajua jua limeshazama, watoto wanakula. Andika mbili kwa Kiingereza bila kuongeza sita, na mume amerudi usiku wa manane au adhuhuri, na ushahidi wa alikokuwa umeyeyuka. Nikajiuliza ni watu wangapi, tangu 1902, walioliwa na yale masaa sita.

Nilipokuwa nikiandika, picha moja tu ilinirudia: ule mkono uliopanda sikioni. Kijana angekuwa na pingu asingeweza kuuinua hivyo. Nilimfikiria baba na ufunguo wake. Hakuwa amesoma ibara ya 28, haikuwapo bado. Lakini aliliona jambo ambalo mimi, na vyeti vyangu, sikuliona: kwamba katika nyumba ya lugha ya kigeni, mikono huwa shahidi wa mwisho mtu alionao.

Tangu siku ile nilibadili namna ya kusimama. Nilikuwa nikimtazama jaji wakati wa kufasiri, kama tulivyofundishwa. Nikaanza kumtazama anayesema, mikono yake hasa, na kumpa jaji sauti tu. Majaji wawili watatu waliniona sina adabu. Niliwaacha waone hivyo.

Sikuwapo Novemba 16, mwaka 2005, siku watu wenye silaha na fulana nyeusi, waliokuja kujulikana kama Black Mamba, walipoizingira Mahakama Kuu kuwangoja washtakiwa wenza wa kiongozi wa upinzani Kizza Besigye waliokuwa wamepewa dhamana. Nilikuwa kazini upande mwingine wa jiji, tukasikia redioni. Karani mzee tuliyekuwa naye alizima redio, akasema tu, "Tena?" Machi 1, 2007, mahakama ikavamiwa tena, na safari hii majaji wa nchi nzima waliacha kazi kwa siku kadhaa. James Ogoola, aliyekuwa Jaji Kiongozi, tangu uvamizi ule wa kwanza alikuwa amelia kwa maneno makali juu ya hekalu la haki kunajisiwa, hata akatunga shairi. Watu waliuliza kama ni kazi ya jaji kutunga mashairi. Mimi niliona ni afadhali. Kwa kawaida majaji wetu hawasemi maumivu yao kwa lugha yoyote.

Leo kando ya jengo lile kuna minara miwili mipya, iliyofunguliwa mwaka 2024, mmoja wa Mahakama ya Juu na mwingine wa Mahakama ya Rufani. Mahakama ya Juu ilihamahama sana: kwa miaka ilikaa Mengo, kilima cha Kabaka, na huko ndiko mwaka 2009 ilikosema, katika kesi ya Susan Kigula na wenzake 417, kwamba hukumu ya kifo haiwezi kuwa ya lazima, jaji awe na nafasi ya kumsikiliza mtu kwanza. Minara hiyo ina lifti na vioo. Ukumbi wa zamani, ukiutazama kutoka uwanjani, umekuwa mdogo, kama mzee aliyesimama katikati ya wajukuu.

Nilistaafu mwaka 2022. Kila Septemba, tangu 2018, idara ya mahakama hufanya mhadhara wa kumkumbuka Kiwanuka, na mwaka mmoja baada ya kustaafu nilikwenda kusikiliza. Nilichelewa, viti vimejaa, nikabaki nyuma karibu na askari wa zamu. Kijana mdogo, bunduki begani, amekazana kusikiliza spika. Hotuba zilikuwa Kiingereza kile cha juu. Baada ya muda akanisogelea.

"Shikamoo mama. Wanasema nini?"

Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kilichokatwa mikia. Nikageuka, nikatazama ule mlango ambao baba alikuwa akisimama, halafu nikaanza kumfasiria, kwa sauti ya chini, sentensi baada ya sentensi, bure, bila karani kuniita. Alikuwa jaji. Alisema mtu fulani afunguliwe. Wakaja wakamchukua, hapa hapa. Msemaji akafika kwenye maneno ambayo wasemaji wote hufika, nami nikayatoa kama yanavyoandikwa vitabuni: utawala wa sheria.

"Utawala gani huo?" akauliza. "Huu wa sasa?"

Nilikwama. Miaka thelathini, na neno hilo bado lina mtego. Utawala, kwa mtu wa kambi, ni serikali iliyopo. Nikalitafutia njia nyingine.

"Maana yake, hata mwenye bunduki anaulizwa."

Akatikisa kichwa polepole. Kisha akaitazama bunduki yake, akaihamishia bega la pili.